Bernhard Grzimek: Daktari wa Mifugo Aliyewafungulia Watalii Njia ya Serengeti

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtangazaji mmoja wa televisheni nchini Ujerumani Magharibi aliwaambia watazamaji wake kwamba sasa mtu wa kipato cha kawaida angeweza kulipia safari ya wiki kadhaa kwenda Afrika Mashariki kutazama simba, tembo na pundamilia katika makazi yao ya asili. Alitaja bei, tena bei nafuu kwa kipimo cha wakati huo. Siku zilizofuata, wananchi walimiminika katika ofisi za mawakala wa usafiri wakitaka nafasi. Mawakala walishangaa, kwa kuwa safari ya namna hiyo haikuwepo. Mtangazaji alikuwa ametangaza bidhaa ambayo hakuna aliyekuwa akiiuza. Lakini mfanyabiashara haachi wateja waliokwisha kusimama mlangoni, na haukupita muda mrefu kabla ya makampuni kuanza kukodi ndege na kuwaleta wageni hao kwa makundi.

Mtangazaji huyo alikuwa Profesa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Watanzania wengi wanalifahamu jina lake kupitia filamu na kitabu kuhusu Serengeti vilivyotoka mwaka 1959. Wachache wanafahamu kwamba ujanja ule wa televisheni ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoigeuza safari ya kuona wanyamapori kutoka anasa ya matajiri wachache na kuwa likizo ya mwalimu, karani na muuguzi wa Ulaya.

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Leo mji huo unaitwa Nysa na uko Poland. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki mwaka 1912 na kumwacha mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Kijana alipenda kufuga kuku tangu utotoni, na mapenzi hayo yalimpeleka kusomea udaktari wa mifugo katika miji ya Leipzig na Berlin. Alimwoa Hildegard Prüfer mwaka 1930, na wakajaliwa watoto wawili wa kiume, Rochus na Michael. Mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari, kisha akaajiriwa serikalini, ambako kazi yake ilihusu afya ya kuku na ubora wa mayai. Huo ndio mwanzo wa mtu aliyekuja kuhesabu nyumbu wa Serengeti.

Miaka ya utawala wa Wanazi ni sehemu ya maisha yake isiyoelezeka kwa neno moja. Aliendelea na utumishi wa umma, na wakati wa vita alikuwa daktari wa mifugo wa jeshi. Aliingia katika chama tawala, jambo ambalo baadaye alilikana mbele ya wakuu wa Marekani waliokuwa wakisimamia Ujerumani, na akatozwa faini kwa kukana huko. Mtu huyohuyo aliwasaidia kwa chakula Wayahudi waliokuwa mafichoni Berlin, na mapema mwaka 1945 polisi wa siri walipoipekua nyumba yake alilazimika kuukimbia mji. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli.

Mnamo Mei 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mabomu yalikuwa yameibomoa, na wanyama wakubwa waliosalia walikuwa wachache mno. Maoni ya wengi yalikuwa kwamba ifungwe. Grzimek aliifungua kwa umma Julai ya mwaka huohuo, na kwa kuwa hakuwa na wanyama wa kutosha kuwaonesha watu, alileta sarakasi, michezo ya kuigiza, muziki na bembea. Watu wa mji uliokuwa magofu walilipa kiingilio ili wacheke kidogo, na kiingilio hicho kikawanunulia wanyama chakula. Somo la Frankfurt hakulisahau maishani mwake: mnyama atalindwa pale ambapo kuna watu walio tayari kulipa ili wamwone. Aliiongoza bustani hiyo hadi mwaka 1974.

Safari yake ya kwanza barani Afrika ilikuwa mwaka 1951, alipokwenda Ivory Coast pamoja na mwanawe Michael. Miaka michache baadaye walikwenda Kongo, ambako okapi, mnyama wa msituni wa jamii ya twiga, alikuwa kivutio kikubwa kwa bustani yoyote ya Ulaya. Kutokana na safari hiyo walitengeneza filamu iliyotoka mwaka 1956, ikieleza jinsi makazi ya wanyama wa Afrika yalivyokuwa yakimezwa na mashamba, miji na bunduki. Filamu ilipata tuzo katika tamasha la Berlin na kuwaingizia baba na mwana fedha ambazo hawakuzitarajia.

Fedha hizo ndizo zilizowaleta Tanganyika. Nia yao ya awali ilikuwa kununua ardhi ili kuongeza eneo la Hifadhi ya Serengeti. Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri vingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikijiandaa kubadili mipaka ya Serengeti, lakini hapakuwa na aliyejua kwa hakika wanyama walikuwa wangapi, wala walikwenda wapi mvua zilipokatika. Kilichohitajika kwanza kilikuwa hesabu.

Grzimek alikuwa anakaribia umri wa miaka 50. Pamoja na Michael alijifunza kurusha ndege, wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia myeupe na myeusi kama pundamilia, na mwishoni mwa mwaka 1957 wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Afrika Mashariki. Ndege ya aina hiyo huruka polepole na huweza kutua mahali pafupi pasipo na uwanja, sifa mbili zilizofaa sana katika nyika isiyo na barabara. Waliigawa Serengeti katika maeneo, wakapita juu yake kwa mistari sambamba, na kuhesabu makundi yaliyokuwa chini. Pale walipoweza kuwakamata wanyama waliwawekea alama za rangi ili wafuatilie mienendo yao, na walikusanya majani ya nyanda ili wajue kwa nini nyumbu huacha malisho ya mahali fulani na kukimbilia mengine.

Hesabu yao ilifikia wanyama wakubwa zaidi ya 360,000. Kwa wasomaji wa Ulaya idadi hiyo ilikuwa ya kustaajabisha, ingawa wataalamu waliofuata waliiona kuwa ndogo kuliko hali halisi. Wao waliwahesabu nyumbu wasiofika 100,000, ilhali hesabu iliyofanywa mwaka 1961 kwa kutumia picha za angani ilionesha zaidi ya 250,000. Kosa hilo haliondoi thamani ya kazi yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa eneo kubwa kiasi hicho la Afrika Mashariki kuhesabiwa kutoka angani, na njia hiyo, ikiwa imeboreshwa, ndiyo iliyoendelea kutumiwa na watafiti wa Serengeti. Ramani yao ya misafara ya wanyama ilikuwa na uzito zaidi ya hesabu. Ilionesha kwamba nyanda za majani mafupi za mashariki, ambako nyumbu huzalia wakati wa mvua, zilikuwa zikiachwa nje ya mipaka mipya iliyopendekezwa.

Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek alikuwa peke yake ndani ya ndege ile ya milia. Bawa la ndege liligongana na tumbusi, chombo kikashindwa kuongozwa na kuanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24, na aliacha mke. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo upeo wa macho unaifikia sakafu yote ya kreta, na juu ya kaburi likajengwa rundo la mawe lenye umbo la piramidi.

Baba alirudi Ujerumani na kuikamilisha kazi waliyoianza wawili. Filamu ya Serengeti ilitoka mwaka huohuo pamoja na kitabu chenye jina lilelile, jina linalosema kwamba Serengeti haipaswi kufa. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar kama filamu bora ndefu ya matukio halisi, na kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Neno Serengeti, lenye asili ya Kimaasai na lenye maana ya nyanda zisizo na mwisho, likaingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Tanganyika.

Pamoja na sifa hizo, kazi ya Grzimek ilibeba mtazamo ambao umejadiliwa tangu wakati huo hadi leo. Yeye aliamini kwamba hifadhi ya taifa ni lazima ikae bila makazi ya binadamu wa aina yoyote, awe mgeni au mwenyeji. Wamaasai walikuwa wamelisha ng'ombe wao katika nyanda hizo kwa vizazi. Mwaka 1958, hata kabla kazi ya baba na mwana haijakamilika, wazee wa Kimaasai walitia sahihi makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa kuwa na utaratibu wake, ambapo wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Grzimek aliupinga mgawanyo huo kwa sababu uliipunguza Serengeti upande wa mashariki. Kwa hiyo si haki kusema kwamba ndiye aliyewahamisha Wamaasai. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni, nao ulitangulia filamu. Hata hivyo, picha alizozipeleka duniani zilikuwa za nchi isiyo na watu, na mgeni aliyefunga safari kuja kuiona nchi hiyo mara nyingi hakujua kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wamekwisha kuondoka.

Wakati Tanganyika inakaribia uhuru, wazungu wengi walitabiri kwamba wanyama wangekwisha mara tu utawala wa Mwingereza utakapoondoka. Mnamo Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu uhifadhi wa wanyamapori, akilikubali jukumu hilo kwa niaba ya wananchi na kuutaka ulimwengu usaidie kwa utaalamu na fedha. Grzimek hakuwa miongoni mwa waliosubiri kuona kama tamko lingetekelezwa. Alikutana na viongozi wa nchi mpya, na hoja aliyowapelekea haikuwa ya kuwaonea huruma swala. Aliwaeleza habari ya fedha za kigeni. Nchi iliyotegemea katani, kahawa na pamba ilikuwa na kitu ambacho Ulaya haikuwa nacho, na ambacho Mzungu angelipia kukitazama na kukiacha palepale alipokikuta.

Ndipo ulipoingia ujanja wa televisheni. Tangu mwaka 1956 Grzimek alikuwa na kipindi chake kuhusu wanyama, kilichoendelea kurushwa kwa zaidi ya miaka 30. Alikaa nyuma ya meza akiwa amevaa suti, akazungumza kwa sauti ya upole isiyopanda wala kushuka, huku duma au nyani akitembea juu ya karatasi zake. Mamilioni ya familia walikaa mbele ya televisheni kumsikiliza. Kila mara aliwaomba mchango kwa ajili ya Shirika la Wanyama la Frankfurt, ambalo alikuwa rais wake. Mtu aliyeaminiwa kiasi hicho alipotaja safari ya Afrika Mashariki, maneno yake yalikuwa na uzito kuliko matangazo yoyote ya biashara.

Katika Kiswahili, safari ni safari tu: ya kwenda Tanga kumwona shangazi, au ya kwenda mjini kufuata matibabu. Neno hilo lilipochukuliwa na lugha za Ulaya lilibeba maana ya uwindaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mgeni wa safari alikuwa mtu kama Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyewasili Mombasa mwaka 1909 na kutembea kwa miezi akiwa na msururu mrefu wa wapagazi na bunduki. Safari kama hiyo ililipiwa mali nyingi, na kumbukumbu yake ilikuwa pembe na ngozi ukutani.

Wageni waliofuata wito wa Grzimek walikuwa wa aina nyingine. Walilipa mara moja kwa ndege, chakula na malazi, wakafika kwa pamoja, wakapangwa katika magari madogo yenye paa la kufunguka, na kila mmoja alikuwa na kamera shingoni. Muda wao ulikuwa mfupi. Aliyekuja Julai hakuweza kusubiri hadi Februari awaone nyumbu wakizaa, na aliyekuja Februari asingeuona mto Mara ukivukwa. Hilo bado ni jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kuuliza kabla ya kulipia: wanyama watakuwa wapi mwezi huo? Filamu ya saa moja na nusu hukusanya matukio ya mwaka mzima. Mgeni wa siku 5 hupewa siku 5 tu, na baadhi yao zitakuwa za vumbi na nyasi tupu.

Faida ya wageni hao haikufika yote Tanzania. Ndege nyingi zilitua Nairobi, na makampuni ya huko yaliwaleta wageni Serengeti na Ngorongoro kwa siku chache kisha kuwarudisha kulala Kenya. Serikali ilijibu kwa kujenga Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, na kwa kujenga hoteli ndani na kandokando ya hifadhi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya kufungwa, idadi ya wageni wa Serengeti ilishuka sana. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo ya ukame wa mapato, hoja ya Grzimek ilionekana upande wake dhaifu: hifadhi inayotegemea mgeni huyumba mgeni asipokuja. Ujangili wa faru na tembo ulipanda wakati uleule ambapo magari ya askari wa wanyamapori yalikosa vipuri na mafuta. Shirika la Frankfurt lilikuwa miongoni mwa walioendelea kutoa misaada.

Kazi yake nchini haikuishia katika watalii. Kati ya mwaka 1966 na 1969 alisimamia kupelekwa kwa sokwe 17, waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya, katika kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Victoria. Wengi wa wataalamu hawakuamini kwamba sokwe aliyezoea kulishwa angeweza kujitafutia matunda msituni. Waliweza, na wazao wao bado wanaishi Rubondo, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Shirika lake lilichangia pia kuanzishwa kwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka mkoani Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1963 ili Waafrika wenyewe washike uongozi wa hifadhi. Katika Serengeti kulijengwa maabara ya utafiti kwa kumbukumbu ya Michael, na kutokana na mwanzo huo mdogo ikakua taasisi ya utafiti iliyowavutia wanasayansi wa mataifa mengi.

Miongoni mwa yale waliyoyathibitisha watafiti hao ni kwamba nyumbu wa Serengeti walikuwa wachache katika miaka ya 1950 kwa sababu ya sotoka. Ugonjwa huo ulipodhibitiwa kwa kuwachanja ng'ombe wa wafugaji kandokando ya hifadhi, nyumbu waliongezeka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Inafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa filamu haikulijua: chanjo ya ng'ombe wa mfugaji iliwanufaisha nyumbu kuliko mpaka wowote uliochorwa kwenye ramani. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na Serengeti mwaka 1981.

Nchini kwake Grzimek aliteuliwa na serikali ya Kansela Willy Brandt kuwa mshauri wa uhifadhi wa mazingira, wadhifa alioujiuzulu mwaka 1973 kwa kuona kwamba hapewi nguvu ya kutenda. Alihariri ensaiklopidia kubwa ya maisha ya wanyama, na mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha mazingira kilichokuja kuwa kikubwa nchini Ujerumani. Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na utulivu kama sauti yake ya televisheni. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1978 alimwoa Erika, mjane wa Michael.

Tarehe 13 Machi 1987, Bernhard Grzimek alikwenda na watoto kutazama sarakasi mjini Frankfurt. Alifariki akiwa kitini wakati chui milia wakiwa uwanjani. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 78. Mwili wake ulichomwa kwa desturi ya kwao, na majivu yakasafirishwa hadi Tanzania, ambako yalizikwa kwenye ukingo wa kreta, kando ya mwanawe. Magari ya watalii yanayokwenda Serengeti hupita karibu na hapo, na madereva wengi husimama kwa dakika chache kabla ya kuanza kuteremka kuelekea nyanda.